Hesabu ya hasara kabla mdudu hajavuka bahari: mwongozo kamili wa kutathmini hatari ya visumbufu vamizi Unguja na Pemba

Muhogo wenye ugonjwa wa michirizi ya kahawia unaweza kusimama shambani mwaka mzima, majani mabichi, shina nene, na mwenyewe akahesabu polo (magunia) zake kwa macho. Siku ya kuchimba anaukata mzizi na kukuta ndani umekauka, una madoa ya kahawia magumu kama kizibo cha chupa. Palizi imeshalipwa, wachimbaji wameshalipwa, na hasara ndiyo kwanza inajulikana. Wadudu na maradhi mengi ya kigeni, yaani visumbufu vamizi, huja namna hii: gharama hukamilika kabla mtu hajaiandika popote.

Mwongozo huu ni wa kuiandika mapema. Umekusudiwa vikundi vya wakulima, vyama vya ushirika, mabwana shamba na mabibi shamba, na kamati za shehia zinazotakiwa kuamua fedha kidogo zilizopo ziende wapi. Vinavyohitajika ni daftari, mizani ya kilo 50, kikokotoo cha simu na siku mbili tatu za kutembea. Bei zote zitakazotajwa ni za mfano tu. Weka bei ya sokoni kwako kila unapoikuta ya kwetu.

Kwanza: zao moja, mahali pamoja, muda unaojulikana

Swali la "nzi wa matunda watatutia hasara kiasi gani?" halijibiki. Linalojibika ni hili: "Nzi wa matunda watawapotezea wenye maembe boribo wa shehia tatu hizi kiasi gani kwa msimu mmoja?" Andika zao, shehia, idadi ya eka au miti, na muda. Kwa muhogo, mahindi na tungule (nyanya), msimu mmoja au mwaka unatosha. Kwa mikarafuu, minazi na michungwa usiende chini ya miaka 15, kwa sababu mti ukifa leo hasara yake inaendelea mpaka mche wa badala yake ukomae.

Kisha andika hali ya kawaida, yaani mavuno na mapato bila ya kisumbufu hicho. Hapa ndipo tathmini nyingi zinapoharibika. Mtu akiulizwa alivuna kiasi gani hutaja mwaka wake bora. Mkarafuu huzaa sana mwaka huu na kupumzika mwaka unaofuata, kwa hiyo wastani wa mikarafuu usichukuliwe kwa chini ya miaka minne. Polo nazo hazilingani: pima tatu kwa mizani ya kilo kabla ya kukubali kuwa "polo" ni kipimo. Eneo vilevile lipimwe kwa miguu, kwani eka tatu za mgao (mashamba waliyogawiwa wananchi baada ya Mapinduzi) nyingi zimeshagawanywa kwa warithi na kujengwa nyumba, na kilichobaki kulimwa mara nyingi hakifiki eka tatu.

Pili: ihesabu milango

Neema ya kisiwa ni kwamba milango yake inahesabika. Orodhesha kila njia ambayo kitu kibichi kinaingilia: bandari ya Malindi mjini Unguja, Mkoani na Wete za Pemba, uwanja wa ndege, majahazi yanayoshuka Mkokotoni, na bandari bubu ambazo kila mvuvi wa pwani yako anazijua. Kwa kila njia uliza mambo matatu: nini kinapita, mara ngapi kwa mwezi, na kikoje kinapofika.

La tatu ndilo zito kuliko yote. Kitu kilicho hai kinachokwenda kupandwa ni hatari kuliko tunda la kuliwa, na tunda bichi ni hatari kuliko nafaka iliyokaushwa. Chipukizi moja la mgomba lenye udongo, lililofungwa ndani ya mzigo kama zawadi ya kutoka bara, linaweza kuleta mnyauko wa fuzari ambao kuvu lake hukaa ardhini miongo kadhaa. Kontena zima la mchele haliwezi hilo. Pingili za muhogo ni hivyo hivyo: michirizi ya kahawia, ambayo ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza Amani, Tanga, mwaka 1936, husafiri masafa marefu zaidi kwa mkono wa mtu aliyebeba mbegu kuliko kwa nzi weupe wanaoueneza shambani.

Ukiona kikundi kinatumia muda wote kuzungumzia makontena na hakuna aliyetaja zawadi za mbegu, warudishe hapa.

Tatu: uwezekano

Mdudu au ugonjwa ana mitihani mitatu: kuingia, kukaa, na kuenea. Upe kila mmoja namba kati ya 0 na 1, kisha uzizidishe. Viwango vya kimataifa vya afya ya mimea, hasa Namba 2 na Namba 11, vimejengwa juu ya mpangilio huu huu.

Kuingia kunatokana na milango uliyokwisha kuihesabu. Kukaa kunategemea chakula, mvua na joto. Kwa visumbufu vilivyozoea mwambao wa Tanga na Dar es Salaam, hali ya hewa yetu haiwi kizuizi, basi usijipe matumaini kwa kuandika namba ndogo. Kuenea kunategemea jinsi mashamba yalivyokaribiana, upepo, na watu wanavyopeana mbegu.

Tahadhari moja. Watu wasiokuwa na hakika huandika 0.5 kila mahali. Nusu mara nusu mara nusu ni 0.125, yaani hatari inaonekana ndogo kwa sababu tu hakuna aliyethubutu kusema. Kila namba iandikiwe sababu yake mbele yake kwa sentensi moja. Isiyokuwa na sababu ifutwe.

Kumbuka pia yaliyowapata wenzako wa bara. Nzi wa matunda wa Kiasia alionekana Kenya mwaka 2003 na Tanzania mwaka huo huo. Kantangaze, mdudu wa tungule, aliripotiwa Tanzania mwaka 2014. Viwavijeshi vamizi vya mahindi viliripotiwa Afrika Magharibi mwaka 2016, na mwaka 2017 vilikuwa vimeshafika Tanzania. Kisumbufu kilichokwisha kufika Tanga hakistahili kupewa 0.2 ya kuingia Pemba.

Nne: kupima hasara shambani

Usichukue asilimia ya gazetini wala ya nchi nyengine. Pima mwenyewe, na ikiwa kisumbufu bado hakijafika kwako, pima katika mashamba ya mahali kilipo.

Muhogo. Chagua mashamba kwa bahati nasibu katika orodha ya sheha, wala usichague yale ambayo wenyewe wamelalamika. Ndani ya shamba la eka moja tembea kwa umbo la herufi W, ukiacha safu mbili za pembeni, na chimba mashina 30. Kila mzizi ukate vipande vya mviringo kutoka juu hadi ncha, kisha uupe daraja: 1 ni safi, 2 umeharibika chini ya asilimia 5, 3 ni mpaka asilimia 10, 4 ni mpaka asilimia 25, 5 ni zaidi ya hapo. Fanya mafungu matatu: mizizi mizima (daraja 1 na 2), mizizi yenye michirizi isiyouzika (3 hadi 5), na iliyoliwa na panya au kuoza kwa maji. Pima kila fungu peke yake. Fungu la tatu si la ugonjwa unaoutathmini, na kulichanganya ndiko kunakoifanya wizara isiamini ripoti za wakulima.

Majani usiyaamini sana. Kuna muhogo wenye majani ya manjano na mizizi mizima, na kuna wenye majani mazuri na mizizi iliyokufa.

Maembe na machungwa. Mtego wenye methili yujeno (chambo cha harufu) huvuta nzi wa matunda madume tu, na huwavuta kutoka mbali. Gawa idadi ya nzi kwa idadi ya mitego, kisha kwa siku ilizokaa, upate nzi kwa mtego kwa siku. Namba hii inakwambia wingi wao unapanda au unashuka. Haikwambii hasara, kwa sababu dume hatagi. Ukitaka hasara, chuma matunda 50 mtini kutoka miti kumi, yapange katika ndoo juu ya mchanga mkavu uliochekechwa, funika kwa kitambaa chepesi kilichofungwa kwa mpira, na uchekeche mchanga kila baada ya siku tatu kwa wiki tatu. Funza hushuka mchangani kugeuka mabuu magumu kama punje za mpunga mnono. Tumia ndoo ndogo kwa kila tunda ikiwezekana, kwani kinachotakiwa ni idadi ya matunda yaliyoathirika, na tunda moja linaweza kutoa funza wengi. Yaliyoanguka yahesabiwe mbali. Ukiyachanganya na ya mtini, hasara itakuwa kubwa kuliko ilivyo.

Mahindi. Jani lililotobolewatobolewa na viwavijeshi linatisha, lakini mahindi machanga yana nguvu ya kurudi. Usigeuze asilimia ya majani yaliyoliwa kuwa asilimia ya mavuno yaliyopotea. Pima mahindi yaliyovunwa: mistari kumi iliyoshambuliwa kwa kumi iliyosalimika, shamba moja, mbegu moja, mbolea moja.

Minazi. Hapa kuna jambo ambalo wengi hulisahau. Kunguni wa nazi hufyonza matunda machanga na kuangusha vidaka, na anayemzuia kwa nguvu zaidi ni chungu wa maji moto anayejenga viota vya majani juu ya mnazi. Ukipulizia dawa kwa ajili ya mdudu mwengine ukaua maji moto, vidaka vitaanguka miezi inayofuata, na hasara hiyo ni gharama ya dawa, haitoki kwa mdudu uliyempulizia. Hesabu viota vya maji moto kabla na baada.

Na ukikagua usione kitu? Hapo kuna kanuni rahisi: gawa 3 kwa idadi ya mimea uliyoikagua. Ukikagua 60 bila ya kuona dalili, bado inawezekana asilimia 5 ya shamba ina ugonjwa. Kufikia asilimia 1 unahitaji kukagua mimea 300. Anayesema "kwetu hakuna" baada ya kuangalia migomba 20 hajasema kitu.

Tano: kugeuza kilo kuwa shilingi

Kanuni ni hii: kilo zilizopotea, mara bei ya shambani, toa gharama ulizoziepuka kwa kutokuvuna kilo hizo. Bei ya masoko ya mjini, Darajani au Mwanakwerekwe, ina nauli na faida ya mchuuzi ndani yake, na ukiitumia unazidisha hasara ya mkulima.

Chukua ushirika wenye eka 20 za muhogo, mavuno ya kawaida kilo 4,000 kwa eka, jumla kilo 80,000. Mashina 30 kwa wastani wa mashamba yaliyoathirika yalitoa kilo 32, na kati ya hizo kilo 8 ni za michirizi: asilimia 25. Kilo zilizo hatarini ni 20,000. Bei ya shambani ni Sh 600. Gharama ya kuchimba hairudi, kwa kuwa ugonjwa hujulikana baada ya kuchimba. Kinachookolewa ni kupakia na kubeba tu, tuseme Sh 50 kwa kilo. Hasara ni 20,000 × 550, yaani Sh 11,000,000.

Sasa uwezekano kwa msimu huu: kuingia 0.8 (mbegu zinanunuliwa popote), kukaa 0.9, kuenea 0.5. Zikizidishwa ni 0.36. Hasara inayotarajiwa ni Sh 3,960,000 kwa mwaka. Namba hii ndiyo ya kupeleka kwenye kikao. Ile milioni 11 ni ya mwaka mbaya, na iandikwe pembeni kwa jina hilo.

Bei zenyewe hazisimami. Kisiwa kizima kikipungukiwa na muhogo, bei hupanda, lakini haipandi bila ya mwisho: ikifika bei ya bara pamoja na nauli, majahazi yataleta. Kwa hiyo weka bei hiyo kuwa dari. Karafuu ni tofauti kabisa. Mnunuzi ni Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, na bei yake haipandi kwa sababu mikarafuu ya shamba lako imekufa. Hasara ya karafuu yote humwangukia mwenye shamba.

Soko la nje likifungwa kwa sababu ya nzi wa matunda, asilimia ya matunda mabovu haina maana tena, kwani nchi inayonunua hukataa hata mzigo safi. Hapo hasara ni mzigo wote uliokuwa usafirishwe, mara tofauti kati ya bei ya nje na bei ya ndani. Usihesabu bei nzima ya nje, maana embe litauzwa hapa hapa. Ongeza kwamba bei ya ndani itashuka kwa wingi wa maembe yaliyorudi.

Miti ina hesabu yake

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, ugonjwa wa kufa ghafla uliua mikarafuu mingi ya Unguja, na hasara hiyo haipimwi kwa karafuu za mwaka mmoja. Mche mpya wa mkarafuu hukaa miaka sita hadi minane bila ya kuchumwa, na hauzai kwa ukamilifu mpaka miaka 15 au zaidi.

Shilingi ya miaka saba ijayo haina uzito wa shilingi ya leo. Kwa punguzo la asilimia 10 kwa mwaka, Sh 100,000 za mwaka wa saba ni kama Sh 51,300 za leo. Tuseme mkarafuu mmoja humwachia mwenyewe Sh 60,000 kwa mwaka, baada ya kulipa wachumaji na waanikaji. Miaka saba ya mwanzo hakuna kitu: 60,000 × 4.868 (thamani ya leo ya shilingi moja kila mwaka kwa miaka hiyo saba) ni Sh 292,000. Miaka ya 8 hadi 15 tuchukulie nusu ya mavuno: 30,000 × 2.738 (thamani ya leo ya shilingi moja kila mwaka kwa miaka hiyo minane) ni Sh 82,000. Jumla ni Sh 374,000 kwa mti mmoja, kabla ya mche, shimo, kivuli na kumwagilia. Ni zaidi ya mavuno ya miaka sita. Anayefidiwa kwa bei ya mche amefidiwa sehemu ndogo sana ya alichopoteza.

Mikarafuu mizee nayo hufa kwa uzee na kwa kuvunjwa matawi wakati wa kuchuma. Toa vifo vya kawaida kwanza. Uliza wazee wa shamba miti mingapi hukauka kwa mwaka pasipokuwa na ugonjwa.

Sita: kulinganisha hatua

Njia ni nne: kukizuia kisumbufu kisiingie, kuking'oa kabisa kikiwa bado kichache, kukipunguza, au kuishi nacho. Kila moja iandikiwe gharama na kiasi cha hasara inachookoa.

Turudi kwenye muhogo. Eka moja kwa nafasi ya mita moja kwa moja huchukua pingili 4,000 hivi, basi eka 20 zinahitaji 80,000. Shina zuri hutoa pingili kumi, kwa hiyo eka mbili za shamba mama la mbegu safi zinatosha. Mbegu bora za kuanzia zipo: mwaka 2007 kituo cha utafiti cha Kizimbani kilitoa aina nne zinazostahimili michirizi, nazo ni Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui. Tuseme shamba mama, pamoja na kulikagua kila mwezi na kung'oa mashina yenye dalili, linagharimu Sh 1,500,000 kwa mwaka, na linashusha uwezekano kutoka 0.36 hadi 0.10. Hasara inayotarajiwa inashuka hadi Sh 1,100,000. Umeokoa Sh 2,860,000, na baada ya gharama zinabaki Sh 1,360,000.

Kung'oa kabisa ni ghali na hushindwa mara nyingi bara, lakini kisiwani usiitupe njia hiyo haraka. Mbung'o waliokuwa wakiua ng'ombe wa Unguja waliondolewa kwa kupunguzwa kwanza, kisha kumwagiwa kwa ndege madume tasa waliofugwa Tanga. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996. Ilikuwa aina moja tu ya mbung'o, katika kisiwa cha kilomita za mraba zipatazo 1,600, na bahari ikazuia wengine kurudi. Gharama ililipwa mara moja na faida inapatikana kila mwaka. Kabla ya kupendekeza njia hii jibu kwanza: kitarudi kwa mlango gani? Ikiwa mlango uko wazi, gharama italipwa kila mwaka, na hesabu inageuka.

Saba: itikise hesabu yako

Badilisha namba moja moja uone uamuzi unasimama au unaanguka. Bei ya muhogo ikishuka hadi Sh 350, hasara inakuwa 20,000 × 300, Sh 6,000,000. Shamba mama linaokoa 0.26 ya hiyo, Sh 1,560,000, na faida inayobaki ni Sh 60,000 tu. Asilimia ya mizizi mibovu ikishuka kutoka 25 hadi 15, bei ikibaki Sh 600, unaokoa Sh 1,716,000 na kubakiwa na Sh 216,000. Maana yake ni kwamba bei ndiyo inayoweza kuuangusha mpango huu. Basi siku za ziada zitumike kufuatilia bei ya miezi 12, zisitumike kuchimba mashina mengine 30.

Andika namba tatu kwa kila kitu: ya chini, ya kati, ya juu. Kikao kikitaka moja tu, kipe ya kati, na sema kwa mdomo nyengine mbili.

Ripoti isizidi kurasa mbili: zao na eneo, hali ya kawaida, milango mitatu mibaya zaidi, uwezekano na sababu zake, hasara ya mwaka inayotarajiwa, hasara ya mwaka mbaya, gharama ya kila hatua, na namba inayoweza kuangusha uamuzi. Nakala moja kwa sheha, moja kwa bwana shamba wa wilaya, moja ofisi ya karantini ya mimea. Ukishuku ugonjwa mgeni kabisa, usibebe mmea mzima ofisini. Piga picha ya jani juu na chini, ya shina na ya shamba lote, weka alama kwenye mti, na muache mkaguzi aje hapo hapo shambani. Panga na majembe yaliyogusa hapo yaoshwe udongo wote na kupanguswa kwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kuingia shamba la jirani.

Hesabu irudiwe kila mwaka kabla ya masika, mbegu zikiwa bado hazijanunuliwa.